Chumba Kilicho Nyuma ya Mama

Dada yangu alipokwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani, alituaga kwa kusema kwamba mkataba ukiisha atarudi. Mkataba uliisha, ukatiwa saini mwingine, na huo nao ukaisha. Tajiri wake alikuwa mwanamke mwenye watoto wadogo, na kila dada alipoomba likizo ilikuwa mtoto mwingine amezaliwa. Hakuwa akiteswa, alhamdulillahi. Alilipwa, alikula vizuri, na Ijumaa alipumzika. Alichokosa ni kurudi tu.

Sisi kwa mama yetu tuko wawili, na yeye ndiye mkubwa. Tulilelewa Msambweni, katika nyumba ya vyumba viwili na ukumbi, na baba alipofariki tukabaki wanawake watupu. Mpaka siku ile anaondoka, mimi na dada tulikuwa tukilala chumba kimoja na mama, ingawa chumba cha pili kilikuwa kitupu. Mama kitanda chake upande wa dirisha, dada upande wa mlango, na mimi nikijibana mara kwa huyu, mara kwa yule. Hatukuwahi kuulizana kwa nini.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, upande wa wanawake. Kwetu watu hawapendi mwanamume aingie na kamera pale bibi harusi anapopakwa hina, wanawake wamevua mabuibui na nywele ziko wazi. Kwa hiyo huniita mimi. Nimepanga chumba Ukunda, kwa sababu kazi nyingi ziko huko na Diani, na nikipata nafasi hurudi Msambweni kwa mama. Kamera yangu ni katika hizi za siku hizi zisizo na kioo ndani, ndogo, nyepesi, na haipigi kelele. Niliinunua pamoja na lenzi yake ya kuvuta, inayosogeza vya mbali karibu, ile wanayokupa dukani upende usipende. Nje juani lenzi ile haikuwa na neno. Tatizo lilikuwa ndani. Vyumba vyetu vina madirisha madogo na mapazia mazito, na humo ndimo mambo yote ya harusi yanamofanyika. Nilikuwa nikiwasha flashi, na kila nikiiwasha, hina ilipoteza wekundu wake na wanawake wakavuta leso zao kichwani kama walioona mgeni.

Hayo niliyavumilia kwa muda mrefu. Kilichonifanya nitafute lenzi nyingine ni dada.

Siku moja alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nilisikia maji ya bomba yakimwagika, alikuwa akiosha vyombo.

"Picha ulizonitumia za mama nimezipata," alisema. "Amependeza mashallah. Lakini huyo ni mama wa siku ya Idi. Huyo namjua. Mimi nataka mama wa siku zote. Mama wa chumbani, amekaa chini anasuka ukili, hajui kama anatazamwa."

Nilicheka, nikamwambia hilo ni jambo dogo. Kumbe halikuwa dogo. Mama alikuwa amefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, na tangu hapo mwanga mkali ulikuwa ukimuumiza, kwa hiyo pazia la chumbani lilishushwa kutwa nzima. Nilipompiga picha bila flashi, ilijaa chengachenga kama mchanga, na vidole vyake, ambavyo havitulii akishika ukili wa mkeka, vilitoka kama moshi. Nilipowasha flashi alijifunika uso kwa leso.

"Mwanangu," alisema kutoka ndani ya leso, "wataka kunirudisha kwa daktari?"

Pale Ukunda kuna mpiga picha mmoja ambaye ni rafiki yangu wa kazi. Alitoka bara, akaja pwani kutafuta kazi ya hoteli, akaishia kuwapiga picha watalii wanaovutwa juu ya maji na matiara yao makubwa ya kitambaa kule Diani. Tulijuana kwenye harusi moja, yeye nje na wanaume, mimi ndani na wanawake, tukawa tunapokezana betri mlangoni. Nilipomweleza shida yangu hakunichelewesha.

"Siste, hiyo lenzi yako haioni giza," alisema. "Unataka zile hazivuti, zenye tundu kubwa. Hizo ndizo zinakula mwanga mwingi. Ukitaka kukaribia mtu, unatembea na miguu."

Akatoa mbili kwenye mkoba wake, akaziweka mezani kati ya vikombe vyetu vya chai. Moja ilikuwa ya milimita hamsini na nyingine ya thelathini na tano. Akanifahamisha kwamba kamera yangu ina sensa, kile cha ndani kinachopokea picha, ndogo kuliko yake, kwa hiyo lenzi ya hamsini ingenibana, ingeona kipande tu cha kilicho mbele yangu. Ya thelathini na tano ndiyo ingeona kama mtu anavyomwona mwenzake wakiwa wamekaa kwenye mkeka mmoja.

"Kwako wewe hiyo ndogo ndiyo ya kawaida," alisema. "Lakini sura za watu? Hamsini ni moto. Enda nazo zote, utaniambia."

Nilikwenda nazo Msambweni. Nilimkuta mama ameshaswali adhuhuri, amekaa chini kwenye jamvi, miyaa yake ya kusukia iko pembeni mwake. Nikaitia ya hamsini kwanza. Ilinibidi nirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, na hata hivyo nilimpata mama kuanzia kifuani kwenda juu, pamoja na mikono. Lakini nikaitazama picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Mwanga mdogo uliopenya pembeni mwa pazia ulikuwa umemshika shavu na pua. Mikunjo ya jicho ilionekana mmoja mmoja. Uchane mwembamba wa mwaa ulikuwa umetulia katikati ya vidole, na nyuma ya mama kila kitu kilikuwa kimeyeyuka, kimekuwa rangi laini tupu, buluu huku na kahawia kule. Sikuwahi kupiga picha nzuri kama ile maishani mwangu. Nilimwonyesha mwenyewe.

"Nimezeeka vizuri," alisema, akaendelea kusuka.

Nikamtumia dada papo hapo. Ilikuwa Ijumaa, siku yake ya kupumzika, na jibu la sauti halikukawia. Alilia kidogo, akamwombea mama dua, akanishukuru. Kisha ukaja ujumbe mwingine.

"Samahani, nakuuliza. Ile buluu nyuma ya mama ni nini? Ni pazia ama ni kabati? Na kitanda changu? Mmekitoa?"

"Hakijatolewa," nilimjibu. "Kiko hapo hapo."

"Mbona sikioni?"

Nikamweleza kwamba lenzi hizi zikifunguliwa mpaka mwisho ndivyo zinavyofanya. Mtu anabaki, vilivyo nyuma yake vinafifia. Nikamwambia wateja wanapenda hivyo, kwamba hiyo ndiyo sifa yenyewe ya lenzi.

Ujumbe uliofuata ulianza kwa kicheko, kile kicheko chake cha puani ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda.

"Yaani watu wanakwenda dukani kununua kitu cha kufuta nyumba?"

Alikuwa akinitania, lakini neno lile liliniingia. Nilitazama tena picha yangu nzuri. Mimi niliyekuwa Msambweni nilijua ile kahawia ni kitanda na ile buluu ni pazia, kwa hiyo nilikuwa nikiviona. Yeye alikuwa amekodoa macho kwenye simu kule Riyadh, akitafuta ndani ya ule ukungu mahali alipokuwa akilala.

Nikabadilisha lenzi. Na ile ya thelathini na tano nilikaa kizingitini, na chumba kikaingia. Mama chini kwenye jamvi. Kitanda chake, na kile cha dada kimetandikwa, mto juu yake. Msumari wenye leso ya kuswalia. Ndoo ya maji yenye kopo juu ya kifuniko, ambayo ningeiondoa kama ningekuwa kazini. Nililifunga tundu la lenzi kidogo ili vitu vya nyuma vitambulikane, nikamwomba mama atulie, akakataa kutulia, nikapiga hivyo hivyo. Haikuwa picha ya kuning'iniza ukutani. Kona moja ilikuwa giza na ile ndoo ilijitokeza mbele kama yenyewe ndiye bibi harusi.

Dada hakujibu siku ile. Alijibu kesho yake, na sauti ilikuwa ya chini, ya mtu asiyetaka kusikiwa na wenye nyumba.

"Kopo la maji ni lile lile," alisema. "Na mto wangu, nani anaulalia?"

Nilimsikizisha mama ujumbe ule. Nilidhani ataniambia nijibu kwamba hakuna mtu, maana mimi nilijua hivyo. Mama aliuvuta uchane, akaukaza kwa kidole gumba.

"Mwambie naulalia mimi," alisema.

Lenzi za watu nilizirudisha, na baada ya muda nikavuka kwenda Mombasa na akiba yangu kununua ya kwangu. Usidhani nilikuwa nimeshaamua. Njia nzima nilikuwa nikibishana na nafsi yangu. Hamsini ingeniletea wateja, kwa sababu kila bibi harusi anataka kujiona vile nilivyomwona mama, uso unang'aa na dunia imefifia. Na hata nikichagua thelathini na tano, ziko za aina mbili, moja nyepesi na ya bei nafuu, na nyingine nzito, ghali, ambayo tundu lake linafunguka zaidi.

Mwenye duka alikuwa mtu mpole. Alinitolea zote tatu, akaniruhusu nizijaribu nyuma ya duka, kwenye ghala lenye taa moja.

"Unapiga picha za nini zaidi, bibie?"

"Harusi."

"Basi chukua hamsini, usijisumbue."

"Na nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu."

Alinitazama, akaona sina utani, akanisogezea zile mbili za thelathini na tano. Niliyapiga picha maboksi ya ghala kwa hii na kwa ile. Ile nyepesi ilikuwa nzuri, na mkono haukuchoka. Lakini kwenye kona ya giza kabisa iliniletea chengachenga kidogo, nami nikakumbuka pazia la mama lililoshushwa kutwa. Nikachukua nzito. Kwenye kivuko niliipakata pamoja na boksi lake, na njia nzima nilikuwa bado naiwaza ile ya hamsini. Mpaka leo naiwaza, mara mojamoja, ninapoona uso fulani.

Lenzi ile ilinibadilishia kazi. Haivuti, kwa hiyo ukimtaka bibi harusi inakulazimu umfuate, upige magoti mbele yake, ukaribie mpaka usikie harufu ya asumini nywelini na uone anavyomeza mate. Mwanzoni niliona haya. Baadaye nikaona kwamba wanawake hawanijali, kwa kuwa flashi hakuna na mimi nimeshakuwa mmoja wa waliokaa kwenye mkeka. Leso zikabaki mabegani.

Lakini kazi kubwa ya lenzi ile ilikuwa ya dada. Kila nilipokwenda Msambweni aliniagiza. Alitaka kuona jiko. Alitaka mbuzi ya nazi, ile ambayo mguu wake mmoja ulitengenezwa kwa kipande cha mlango. Alitaka mpapai alioupanda nyuma ya choo, na njia ya kwendea pwani kununua samaki, mpaka pale inapopinda na bahari inaanza kusikika. Mara nyingine tulikuwa hewani, mimi nimeshika kamera mkono mmoja na simu mkono mwingine, na yeye akiniongoza kutoka Riyadh.

"Geuka kushoto. Hapo. Sasa simama hapo hapo, usisogee."

Nami nilisimama. Nilikuwa nikimsikia akipumua.

Halafu siku moja alipiga simu mchana, akapiga kelele kama mtoto. Amepewa likizo, na tikiti imekatwa.

Nilimpokea uwanja wa ndege Mombasa. Alikuwa amenenepa na amekuwa mweupe, mweupe wa mtu asiyetoka nje. Tulikumbatiana mpaka watu wakatupita pande zote. Njiani nilikuwa nikipanga picha kichwani. Nilijua mama atakuwa chumbani. Nilijua dada akisimama mlangoni mwanga wa ukumbini utamwangukia mgongoni, na mama atainua uso. Tulipofika nikatangulia mbio, nikajibana kwenye kona na kamera tayari.

Dada akaingia. Mama akainuka kwa shida, ameshika kitanda.

"Shikamoo, mama," dada alisema.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Karibu kwenu."

Nikainua kamera. Dada aliniona juu ya bega la mama, akanyoosha mkono kwangu.

"Iweke hiyo. Njoo."

Niliiweka kitandani, nikaenda. Picha ya siku ile haipo.

Siku za kwanza alizunguka nyumba akigusa vitu. Aligusa ukuta, aligusa mbuzi ya nazi, aliutikisa mpapai. Jioni moja tulikuwa tumekaa chumbani, akatazama huku na huku, akasema polepole:

"Chumba ni kidogo."

"Ndicho kile kile," nilimwambia.

"Kwenye picha kilikuwa kikubwa."

Sikujua kama ni lenzi ama ni yeye. Nilitaka kumweleza habari za upana na za mahali nilipokaa, kisha nikaacha.

Kulikuwa na mambo mengine. Aliamka mapema mno, kabla ya adhana, akakaa kitandani kama anayengoja kuitwa. Alimwita mama akaanza sentensi kwa Kiarabu, akajishika mdomo. Siku moja asubuhi, tukinywa chai kwa mahamri na mbaazi, alifungua simu yake kutuonyesha watoto wa kule. Watoto wazuri, wamevaa nguo alizozipiga pasi yeye mwenyewe. Alitutajia kila mmoja anapenda chakula gani na analia kwa sauti gani.

"Huyu mdogo hajui kulala bila mimi," alisema. "Sijui saa hizi nani anamlaza."

Aliifunga simu, kisha akaifungua tena akatazama kidogo tu, kama mtu anayechungulia sufuria. Nilikuwa nimezoea kudhani hamu yake ina upande mmoja, kwamba akifika tu Msambweni itakwisha. Kumbe alikuwa ameigawa, na nusu aliiacha kule. Mama alilitambua hilo kabla yangu. Alimmiminia chai nyingine tu, akamsogezea sahani ya mbaazi.

Siku moja kabla ya kuondoka, dada mwenyewe aliniambia nilete kamera. Alikuwa amekaa chini na mama, kila mmoja na ukili wake, na wa dada umekwenda mshazari kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimesahau. Nilitaka uso wake. Na ile lenzi niliyoichagua haikuwa ya kuuleta uso karibu. Nikajisogeza kwenye jamvi, nikajisogeza tena, mpaka goti langu likagusa goti lake. Hapo ndipo uso wake ulipojaa. Hakutabasamu, wala hakununa. Alinitazama moja kwa moja kupitia lenzi, vile alivyokuwa akinitazama zamani tulipokuwa tukilala kichwa kwa kichwa na mmoja wetu hataki mwenzake asinzie kwanza. Nilipiga mara moja, nikaiweka kamera chini.

Tulimsindikiza siku ya pili yake. Mama alikuja mpaka uwanja wa ndege, amevaa miwani nyeusi ya daktari, akamshika mkono mpaka pale walinzi wanaposema basi. Wakati wa kurudi mama aliuliza kama ndege hupita juu ya Msambweni, nikamwambia sidhani.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa bado kwa mama simu ilipolia. Dada alikuwa amefika. Hakutuma sauti, alituma picha. Kwa miaka yote ile hakuwahi kutuonyesha mahali anapolala, nasi hatukuwahi kumwomba. Sasa alikuwa amekipiga picha chumba chake kwa simu, katika mwanga mbaya, imejaa chengachenga na imeinama upande. Kitanda chembamba. Sanduku lake lisilofunguliwa. Toi la mtoto sakafuni. Juu kabisa, karibu na dari, dirisha dogo, na nje ya dirisha ukuta.

Niliikuza, nikampa mama simu. Aliisogeza karibu na uso, akavua miwani, akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama picha yangu yoyote.

"Mbona dirisha lao liko juu hivyo?" aliuliza.

Nikamwambia nitamuuliza dada.